Wauza miche wa barabarani Dar, acheni kutuuzia miembe ya kokwa mkisema imebebeshwa

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira, mods mniwie radhi mapema.

Wenye maua na nyasi za Pemba sina ugomvi nao. Ukiuziwa ua bovu utalijua wiki ileile. Ugomvi wangu ni na watu wa miti ya matunda, hawa waliopanga viriba kando ya barabara na kibao kimeandikwa "MICHE YA KISASA, MUDA MFUPI".

Nilinunua miembe kwenye moja ya bustani hizo. Jamaa akaapa ni embe Apple ya kubebesha, yaani kikonyo (kitawi) cha mwembe wa Apple kimeunganishwa juu ya mche uliooteshwa kwa kokwa, "mwaka wa tatu bosi unakula". Bei ikapanda kwa sababu hiyo tu, maana mche wa kawaida ulikuwa palepale kwa pesa ya soda. Sasa hivi ni mwaka wa tano. Mmoja umepita paa la nyumba na haujawahi kutoa hata ua. Mwingine umezaa msimu uliopita: viembe kama yai la kuku, nyuzi tupu, ukimaliza kula unatafuta kijiti cha meno nusu saa nzima. Apple gani hiyo?

Mwembe uliobebeshwa una kovu, na hilo halina siri. Kiasi cha shubiri moja juu ya udongo utaona mahali kikonyo cha mti mzazi kilipounganishwa na mche wa chini. Shina hujipinda kidogo pale, na gome la chini na la juu mara nyingi havifanani rangi. Yangu imenyooka kama nguzo ya umeme toka ardhini hadi kileleni. Hakuna kovu, hakuna kupinda, hakuna kitu.

Juzi nikapita tena kwa wauzaji wa namna hiyo kuangalia wanafanyaje. Miche yote ya "kubebesha" imefungwa kautepe ka nailoni katikati ya shina. Inapendeza kuitazama. Nikaomba kufungua mmoja, kijana akasita, nikafungua. Chini ya nailoni gome ni laini, kijani, halijawahi kuguswa na kisu. Nikamuuliza kovu liko wapi. Akanijibu bila aibu: "Imeshaungana vizuri mzee, ndiyo maana huoni." Nikabaki namwangalia tu.

Wa pili ulikuwa umebebeshwa kweli, ila kikonyo kilikufa zamani. Juu ya nailoni kuna kijiti kikavu, na majani yote mazuri yale yanatoka CHINI ya fundo. Maana yake mche wa Apple umeshakufa, kinachokua ni ule wa kokwa. Na hata ukipata mche mzima, machipukizi ya chini ya kovu lazima uyakate kila yanapotoka, la sivyo yatakimbia na kukimeza kikonyo. Vilevile usifukie kovu unapopanda. Kuna muuzaji aliyewahi kukuambia hayo? Mimi niliambiwa "weka mbolea ya kuku ya kutosha tu". Samadi mbichi ya kuku kwenye shimo la mche mchanga inaunguza mizizi, jamani!

Halafu kuna hawa wa Hass. Parachichi la Hass ni la ubaridi, nendeni Njombe, Rungwe au Siha mkaone linavyobeba. Wewe unamuuzia mtu wa Mbagala, joto lile, chumvi ile, unamwambia atakuwa anapeleka kontena nje. Na wa mapapai ndio wamezidi: wanachagua miche yenye majani manne na kukutoza zaidi kwa kuwa "hii yote ni majike". Mpapai haujulikani jike au dume kwa kuutazama mpaka utoe maua. Jamaa anasoma jinsia kwenye jani!

Kinachoniuma hasa ni kwamba wanajua muda unawalinda. Ukiuziwa mche wa nyanya feki, miezi michache tu umerudi kudai chako. Mwembe unakuja kugundua baada ya miaka. Kufikia hapo barabara imepanuliwa, kibanda kimehamishwa, namba haipatikani, risiti hukupewa. Utamshitaki nani? Tena hujapoteza pesa ya mche peke yake, kuna maji ya dumu, kuna samadi, kuna kona ya kiwanja ambayo ingekuwa na mti wa maana. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe unalifungua baada ya miaka mitano.

Tuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, tuna TOSCI pale Morogoro yenye kazi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Sasa mbona pembeni ya barabara mtu anafunga nailoni kwenye mche wa kokwa mchana kweupe na hakuna anayemgusa? Wakaguzi wapite siku moja tu na kiwembe, wafungue tepe kumi. Inatosha.

Najua watakuja wa "mkuu ungeenda SUA", kile chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine. Sawa, lakini siyo kila mwenye kiwanja Chanika ana nauli ya kufuata miche miwili Morogoro.

Kwa hiyo naomba msaada kwa wanaojua: kuna kitalu chochote kuanzia Kibamba mpaka Kibaha ambapo unaonyeshwa mti mzazi wenyewe, ule unaokatwa vikonyo, ukiwa na matunda yake juu? Kama upo weka maelekezo hapahapa kwenye uzi, wote waone. Wauzaji msinifuate PM, sinunui mche ambao sijaufungua nailoni mwenyewe.