Mnamshambulia Preston bure, wa kulaumiwa kwenye "Micro" ni mchapishaji

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila kijiwe cha wasomaji hapa Dar, kuanzia kwenye meza za vitabu vya mitumba kule Posta, ukitaja Micro, riwaya ya marehemu Michael Crichton wa Marekani kuhusu wanafunzi wanaopunguzwa mpaka wanakuwa wadogo kama wadudu, unapewa hukumu ileile: kurasa tamu ni za marehemu, kurasa mbovu ni za Richard Preston aliyeimalizia. Nani kawaambia? Mmeuona mswada?

Kinachojulikana ni hiki. Crichton alifariki Novemba 2008. Kwenye kompyuta yake ikakutwa riwaya ambayo haijaisha. Mchapishaji akamkabidhi Preston aimalizie kwa maelezo na utafiti uliobaki, kikatoka 2011. Basi. Ndani ya kitabu hakuna alama hata moja ya kuonyesha mkono wa kwanza uliishia wapi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo! Msomaji katoa hela yake, kanunua kwa sababu ya jina la marehemu, halafu anaachwa abahatishe. Kurasa mbili za maelezo zingewapunguzia nini?

Matokeo yake ndiyo haya matusi. (Kama hujasoma, ruka aya hii.) Peter Jansen anauawa wakati tumeshamshika kama steringi. Watu wakaja juu: Crichton asingeua steringi, huyu ni Preston kaharibu. Jamani! Crichton huyuhuyu kwenye Jurassic Park ya 1990 alimfanya mzee John Hammond, mwenye hifadhi yenyewe, aliwe na dinosaria wadogo. Mnaomkumbuka Hammond akiondoka salama mnakumbuka filamu ya 1993, kitabu hamkukigusa.

Kingine kinachonikera ni hili la "sayansi ya kitoto". Ndiyo, mashine ya kumpunguza mtu mpaka nusu inchi haipo, na sioni itakavyokuwepo. Lakini riwaya ikishaomba hilo moja, piga hesabu uone. Mtu wa mita 1.8 akiwa nusu inchi amepungua urefu kama mara 140. Uzito unapungua kwa 140 mara 140 mara 140, yaani zaidi ya mara milioni mbili na nusu, wakati nguvu za misuli zinapungua kwa 140 mara 140 tu, kwa hiyo ukilinganisha na uzito wake anabaki na nguvu nyingi mno. Ndiyo maana wale wanafunzi kule msitu wa Oahu, Hawaii, wanaanguka kutoka juu na kuinuka, ndiyo maana wanabeba mizigo isiyobebeka. Chungu anaishi hivyo kila siku ukutani kwako. Na nyigu anayemtagia Danny, mmoja wa wanafunzi hao, mayai mkononi? Wapo nyigu wanaowafanyia viwavi hivyohivyo, mabuu yanakula kiwavi akiwa hai. Ile sura ilinikosesha usingizi, na sijui ni ya nani kati yao. Inawezekana kabisa kwamba mnachokisifia kwa jina la Crichton ni jasho la Preston.

Maana Preston si mtu wa kuokotwa. Ni mwandishi wa sayansi. Kitabu chake cha 1994 kuhusu Ebola na Marburg kinakupeleka mpaka pango la Kitum, Mlima Elgon, hapo Kenya kwa jirani. Sisi ambao Marburg imetufikia Kagera mwaka 2023 ndio wa kusema hajui sayansi?

Sisemi kitabu hakina kasoro. Vin Drake ni mhalifu mwepesi mno, anaua kama anafunga mlango, na mazungumzo mengi ni makavu. Ila siwezi kumbebesha Preston hayo, wala siwezi kumvua.

Mwaka huohuo wa 2008 sisi tulimpoteza Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango. Leo mtu akitoa Joram Kiango mpya, aseme ameimalizia kutoka kwenye mswada wa Mtobwa, mtakubali kusoma bila kuambiwa mstari upi ni wa Mtobwa? Mngeandamana! Basi hasira hiyohiyo ielekezeni kwa waliouza kitabu.

Na anayekuja hapa chini kusema "inajulikana tu Preston kaanzia pale katikati", ataje ukurasa na aseme kajuaje. Asipoweza, amwache Preston.