Kazi ya ulinzi Doha: zamu ya saa kumi na mbili

Ndugu zangu mlioko Doha, Qatar, salaam. Nimepata kazi ya ulinzi huko: riali 1,000, chakula na malazi juu ya kampuni. Zamu ni saa kumi na mbili, siku sita. Wakala anasema ulinzi ndivyo ulivyo, na anataka pesa ya viza. Nisaini?

---

Mdogo wangu, usisaini kwanza. Riali 1,000 ndicho kima cha chini cha mshahara kisheria tangu Machi 2021, na ni malipo ya saa nane kwa siku. Muulize wakala zile saa nne za ziada zinalipwaje. Gawanya 1,000 kwa siku 30, kisha kwa saa nane: riali 4.17. Saa ya ziada inaongezwa angalau asilimia 25, yaani riali 5.2. Saa nne kwa siku 26 zinapita riali 540. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mshahara wako.

Mimi nililinda geti mwaka mzima bila kulipwa hizo saa. Daftari la mahudhurio lilikaa kwa msimamizi, naye aliandika nane kila siku. Baadaye nikanunua kijidaftari changu: tarehe, lindo, saa ya kuingia, ya kutoka, na aliyenipokea zamu. Nilipopeleka malalamiko Wizara ya Kazi, nililipwa miezi niliyoiandika. Ya nyuma ilipotea, na bado inaniuma, maana ilikuwa karo ya watoto. Anza kuandika usiku wa kwanza.

---

Naongezea kwa kaka. Pesa ya viza usitoe. Sheria ya Qatar inakataza wakala kumtoza mfanyakazi. Pasipoti nayo ikae kwako. Na uliza lindo lenyewe liko wapi. Kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi ya nje inasimama saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na katazo hilo linagusa pia mahali pasipo na kivuli wala hewa ya kutosha. Watu wengi wa ulinzi hawaambiwi hili.

---

Asanteni sana. Nimemwandikia wakala aniletee mkataba unaotaja saa za ziada. Hajajibu, na pesa yake sitoi.