Mjadala: Je, sanamu ya La Bourdonnais iendelee kusimama katikati ya mji?

Ndugu wachangiaji, naleta mezani hoja ambayo wengi wetu tumewaachia Wafaransa na wakazi wa visiwa vya Bahari ya Hindi, ilhali na sisi wa Afrika Mashariki inatuhusu. Mwaka 2023 manispaa ya Saint-Denis, mji mkuu wa kisiwa cha Réunion, iliamua kuiondoa sanamu ya Bertrand-François Mahé de La Bourdonnais, gavana Mfaransa wa karne ya 18, kwenye uwanja ulio mbele ya makao ya mwakilishi wa serikali ya Ufaransa na kuihamishia katika kambi ya kijeshi ya Lambert. Uamuzi huo ulipingwa vikali, na wapinzani wake wakafika hadi mahakamani. Huko Mauritius, sanamu nyingine ya mtu huyohuyo, iliyosimamishwa mwaka 1859 wakati kisiwa kikiwa tayari chini ya Waingereza, ingali katika uwanja wa Place d'Armes mjini Port Louis, ikiwa imeelekea bandarini. Mimi naunga mkono kuhamishwa kwa ile ya Saint-Denis, na nataka kueleza sababu zangu pasipo kumpunguzia marehemu sifa alizostahili.

Sifa hizo zipo, na anayezikana hajasoma historia. La Bourdonnais alizaliwa Saint-Malo mwaka 1699, akaingia baharini angali mtoto, akapanda vyeo katika Kampuni ya Kifaransa ya Mashariki ya Hindi, na mwaka 1725 akashiriki kuutwaa mji wa Mahé katika pwani ya Malabar, huko India. Mwaka 1735 aliwasili Île de France, ndiyo Mauritius ya leo, akiwa gavana wa kisiwa hicho pamoja na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Port Louis, ambayo kabla yake ilikuwa kituo duni, akaigeuza kuwa bandari yenye ngome, maghala, hospitali, karakana ya kuundia na kutengenezea meli, na mfereji wa kuleta maji kutoka Grande Rivière. Alileta muhogo kutoka Brazil na kuwalazimisha walowezi kuupanda, ingawa hawakuutaka, na akasukuma mbele kilimo cha miwa.

Mwaka 1746, wakati wa vita vya Ufaransa na Uingereza, alikusanya meli ambazo nyingi zilikuwa za biashara, akazifunga mizinga, akazikarabati Madagascar baada ya kupigwa na dhoruba, kisha akavuka hadi India na mwezi Septemba akaiteka Madras. Hapo ndipo alipogombana na Dupleix, gavana wa Pondicherry, makao ya Wafaransa huko India. La Bourdonnais alikuwa amewaahidi Waingereza kuwarudishia mji wao kwa malipo. Dupleix akaukataa mkataba huo. La Bourdonnais aliporejea Ulaya alitiwa gerezani Bastille mwaka 1748, akakaa humo hadi 1751 alipoonekana hana hatia, na mwaka 1753 akafariki Paris, afya yake ikiwa imeharibika. Inasimuliwa kwamba gerezani alinyimwa karatasi, akaandika utetezi wake juu ya leso alizozikaza kwa maji ya mchele, kwa wino wa masizi na kahawa.

Watetezi wa sanamu hupenda sana kisa hicho cha Bastille, na hoja yao ni kwamba mtu aliyeitumikia nchi yake kiasi hicho na kulipwa kifungo asidhulumiwe mara ya pili kwa kuondolewa uwanjani. Nakubali kwamba alidhulumiwa. Lakini tuangalie alichokuwa nacho katika dhuluma yake: alikuwa na mashtaka yaliyotajwa, na majaji waliomsikiliza hata kama walichelewa, kisha akapata hukumu ya kumsafisha jina. Mtumwa aliyetoroka katika visiwa alivyovitawala hakuwa na njia kama hiyo. Sheria ya watumwa ya visiwa hivyo, iliyotolewa mwaka 1723, iliagiza kwamba mtoro aliyekosekana mwezi mmoja akatwe masikio na kupigwa chapa ya ua la yungiyungi begani. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti na kupigwa chapa bega la pili. Mara ya tatu, auawe. La Bourdonnais hakuitunga sheria hiyo, lakini aliikuta ikitumika na akaendelea kuitumia. Zaidi ya hapo, alipanga vikosi vya watumwa wenye silaha, wengi wao kutoka Madagascar, kuwawinda watoro msituni.

Wapo pia wanaosema kwamba bila yeye Port Louis isingekuwapo. Nauliza: mawe ya ngome na ya mfereji yalibebwa na nani? Kampuni haikumpa mafundi wa kutosha, kwa hiyo aliwatumia watumwa na kuwafundisha useremala, uashi na kazi za bandarini, na aliwadai walowezi wamtolee watumwa wao kwa ajili ya kazi za umma. Walowezi walilalamika hadi Paris, kiasi kwamba mwaka 1740 alilazimika kusafiri kwenda kujieleza. Malalamiko yao yalihusu hasara ya nguvukazi. Jasho la wenyewe waliochimba halikuwemo. Hata muhogo ninaousifu hapo juu ulipandwa hasa ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo. Na katika jeshi lililoizingira Madras walikuwamo mamia ya Waafrika kutoka visiwani, ambao hakuna aliyewajengea chochote.

Hapa ndipo ninaposema jambo hili linatuhusu. Alipofika, watumwa wa Île de France hawakutimia elfu moja. Katika miaka michache waliongezeka mara kadhaa, wakiletwa kutoka Madagascar, Msumbiji, Afrika Magharibi na India. Njia ya Msumbiji ilizidi kupanuka baada yake, hadi mwaka 1776, yeye akiwa amekwishafariki miaka 23, Mfaransa Morice alipofunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka. Simtwishi La Bourdonnais mkataba wa Kilwa. Ninachosema ni kwamba uchumi uliouhitaji mkataba ule, wa bandari, mashamba ya miwa na mikono isiyolipwa, yeye ndiye aliyeupa msingi imara.

Hoja nzito kuliko zote kwangu ni ile isemayo tumhukumu kwa vipimo vya zama zake. Naiheshimu, kwani ni rahisi mno kuwahukumu waliokufa. Ila watoro wa milimani nao walikuwa watu wa zama zilezile. Walijua fika adhabu iliyowangoja, na bado walitoroka. Tukisema kwamba wakati ule utumwa ulionekana halali, tunakuwa tumewahesabu waliomiliki peke yao na kuwaacha nje waliomilikiwa, ambao katika kisiwa kile ndio walikuwa wengi.

Sitaki sanamu ivunjwe wala iyeyushwe. Kambi ya kijeshi ni mahali panapomfaa kamanda, na makumbusho pangefaa zaidi, palipo na nafasi ya kueleza ushindi wa Madras na sheria ya 1723 katika chumba kimoja. Uwanja ulio mbele ya makao ya serikali una maana nyingine: anayewekwa pale anatajwa kuwa kielelezo cha wote. Kwa hiyo nawaomba mnaotaka abaki uwanjani mnijibu hili: mzao wa Mmakua aliyechimba mfereji ule, akipita pale leo, mnataka aone nini cha kwake katika sanamu hiyo?