Naomba ushauri: kumpeleka mama Uwanja wa Tiananmen, Beijing

Habari zenu ndugu. Naomba msaada kwa waliowahi kufika au wanaosoma Beijing.

Mimi nasoma Wuhan. Mama anakuja kunitembelea mwezi ujao kutoka Dodoma, na kitu anachotaka kukiona kuliko vyote ni Tiananmen. Tangu enzi za Mwalimu amekuwa akisikia habari za Mao, kiongozi wa zamani wa China, hivyo angependa aingie hadi kwenye lile jengo la hapo uwanjani ulimohifadhiwa mwili wa kiongozi huyo. Tatizo ni magoti. Akitembea kidogo lazima akae, na uwanja wenyewe una urefu wa karibu mita 880 kutoka kaskazini hadi kusini, kivuli hakuna, na kabla ya kuingia kuna foleni ya ukaguzi wa pasipoti na mizigo.

Najua lazima kuweka nafasi mapema, na kwamba jengo la Mao lina nafasi yake tofauti, hufungwa Jumatatu na mikoba hairuhusiwi. Nimeshajisajili kwa namba yangu ya simu ya China, ila mama hana namba ya huku. Wenzangu chuoni nimewauliza, kila mmoja ana jibu lake.

Maswali yangu ni mawili tu:

Je, naweza kumwekea mama nafasi kwa pasipoti yake kupitia simu yangu?

Na kwa mtu wa magoti, tushukie stesheni ya Qianmen upande wa kusini, au Tiananmen Mashariki? Kama kuna mahali pa kuazima kiti cha magurudumu, tafadhali nielekezeni.

Natanguliza shukrani.