Tupeane uzoefu: kushusha faili kubwa kwa terminali intaneti inapokatikakatika

Wadau, huu ni uzi wa wanaoshusha ISO (faili moja yenye diski nzima ya kusakinisha mfumo) na faili za giga kadhaa kwenye Linux. Weka amri unayoitumia na sababu ya kila kipande. "Tumia wget" (programu ya kushusha faili kwa amri) peke yake haisaidii mtu.

fundi_seva:
Msingi ni huu:

`wget -c --tries=0 --timeout=30 "LINKI"`

`-c` huendelea pale ilipokatikia. Ukiisahau, wget huiacha ile nusu na kuanza nyingine yenye `.1` mwishoni, bando linaliwa mara mbili. `--tries=0` ni kujaribu bila kikomo; kawaida huishia mara 20. Wengi hawaiweki `--timeout`, na hapo ndipo pabaya: bila hiyo wget husubiri sekunde 900 kabla ya kukubali kwamba laini imekufa. Robo saa namba zimeganda, wewe unailaumu seva.

mzee_wa_bash:
Na hizo alama za nukuu si urembo. Linki ikiwa na `&`, bash (programu inayosoma amri zako) huikata hapo hapo na kuipeleka amri nyuma. Ukiona `[1] 4312` imetokea ghafla, ndiyo hiyo.

kamba_ndefu:
Kwa curl, programu nyingine ya kushusha:

`until curl -fL -C - --speed-limit 1000 --speed-time 30 -O "LINKI"; do sleep 10; done`

Kasi ikikaa chini ya baiti 1000 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 30, curl inakata, inapumzika sekunde 10, inaendelea. `-L` hufuata linki iliyohamishwa. Bila `-f`, ukurasa wa kosa la 404 unahifadhiwa kwa jina la ISO yako. Andika `file jina.iso`, ikijibu "HTML document" umeshusha takataka. Angalizo: linki ikiwa imekufa kabisa, mzunguko huu hauishi mpaka uukatize kwa Ctrl+C.

fundi_seva:
Sawa mkuu, ila kuendeleza kuna mtego. wget huangalia ukubwa tu, haijui kilichomo. Chukua `debian-testing-amd64-netinst.iso`: jina ni lile lile, ila yaliyomo hubadilishwa kila mara. Nusu ya jana ukiiunga na nusu ya leo, ukubwa unatimia na faili ni mbovu. Shusha `SHA256SUMS` (orodha ya alama za kuhakiki faili) ya folda ile ile na siku ile ile, kisha:

`sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS`

Usipoona OK, usiichome kwenye flashi.

nyuzi_nne:
Mimi ni wa aria2, inayoshusha kwa vipande: `aria2c -c -x4 -s4 "LINKI"`. Kawaida hufungua muunganisho mmoja tu kwa kila seva. `-x4` inaruhusu minne. Usiifute ile faili ndogo ya `.aria2`, ndiyo inayokumbuka vipande vilivyofika. Na usimalizie kwa wget kazi iliyoanzwa na aria2! aria2 hutenga nafasi yote mapema, kwa hiyo `ls -l` inaonyesha ukubwa kamili hata ukiwa asilimia 5, na wget itakwambia hakuna cha kushusha.

mzee_wa_bash:
Mkishushia moja kwa moja kwenye flashi ya FAT32 (aina ya mpangilio wa faili), faili ikigonga GB 4 inakwama, hata kama `df -h` inaonyesha nafasi tele.

kamba_ndefu:
Wa bando la usiku:

`echo 'wget -c --timeout=30 "LINKI"' | at 00:30`

`at` huendesha amri saa uliyotaja. Huduma yake ya `atd` iwe inaendeshwa, na laptop msiifunike.