Je, tawi lisilo la lazima, yaani sharti linaloifanya programu ichague njia, liondolewe katika kitanzi, yaani msimbo unaojirudia, hata kwa gharama ya kuurudufu msimbo?

Mwaka 2022 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliifanyia mabadiliko funksheni ya __d_lookup_rcu, inayotafuta majina ya faili katika akiba ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi. Ndani ya kitanzi chake mlikuwa na sharti lililoulizwa kwa kila kipengele cha mnyororo (orodha ya majina yanayoweza kuwa ndilo linalotafutwa) chenye saraka mzazi husika: je, mfumo huu wa mafaili una namna yake ya kulinganisha majina? Sasa linaulizwa mara moja, kabla ya kitanzi kuanza, na mifumo kama vfat, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, ina kitanzi chake cha pembeni. Vitanzi hivyo viwili vinafanana mno, na ubishi unaanzia hapo.

Wanaopinga wanasema kwamba prosesa za leo hubashiri vyema tawi ambalo jibu lake halibadiliki, na kwamba kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya mashine, ingeweza kulihamisha sharti hilo yenyewe. Hoja ya kwanza ina uzito, ingawa tawi lililobashiriwa bado hutekelezwa, na msimbo wa njia ile adimu huishindania njia ya kawaida rejista, yaani nafasi chache za kuhifadhia data ndani ya prosesa. Ya pili siikubali. Kila mzunguko husoma d_seq, namba ya mfuatano ya kipengele inayoonyesha kama kimebadilishwa, na usomaji huo unaambatana na kizuizi cha kumbukumbu, agizo linalozuia usomaji kupangwa upya. Baada ya kizuizi hicho kompaila hairuhusiwi kudhani kwamba alama za saraka mzazi, ambamo jibu la sharti limeandikwa, zimebaki kama zilivyokuwa, hivyo huzisoma upya. Anayejua kwamba jibu halitabadilika katikati ya utafutaji ni mwandishi wa msimbo peke yake.

Kinachonitia wasiwasi kwa dhati ni urudufu wenyewe. Vitanzi hivi havishiki kufuli la kuwazuia wengine wasibadilishe data wakati inasomwa, na usalama wake umo katika mpangilio: d_seq husomwa kwanza, kisha mzazi, kisha jina. Atakayerekebisha kimoja na kukisahau kingine ataacha kosa ambalo huenda lisionekane mpaka mashine ielemewe.

Hata hivyo nayaunga mkono mabadiliko hayo, kwa sababu kuifungua /usr/share/zoneinfo/Africa/Nairobi pekee huhitaji utafutaji wa majina matano, na seva hufungua faili bila kukoma. Katika kitanzi kinachopitiwa mara moja tu wakati mashine inawashwa, ningepinga urudufu kama huu. Anayetaka kitanzi kimoja kirudishwe hapa alete vipimo vya mashine yenye kazi nyingi, pamoja na msimbo uliozalishwa na kompaila, tuvijadili.