Kupiga mchanga lori la zamani: chasisi na kichwa vyote kwa pamoja?

lori_kuukuu:
Wakuu habari zenu. Nina lori la miaka ya 70 nimelifungua lote, injini na giaboksi nimeshashusha, imebaki chasisi na kichwa. Chasisi imeshika kutu ya magamba, ukigonga na nyundo inadondoka vipande vipande, ila bati la kichwa bado zima, tatizo rangi imepakwa juu ya rangi na huko chini kuna puti nene (ile ya kuzibia mabonde ya bati). Nimeanza na grainda na brashi ya waya, penye ubapa inaenda vizuri lakini kwenye kona na kwenye riveti haifiki, tena sehemu nyingine inaing'arisha tu ile kutu unadhani imeisha kumbe ipo palepale. Sasa nataka nipige mchanga kila kitu mara moja nimalize, yaani kurusha punje kwa hewa ya kompresa zikwangue kutu na rangi. Mchanga wa kujengea unafaa? Na presha iwe ngapi?

bati_na_chuma:
Mkuu hizo ni kazi mbili tofauti usizichanganye. Chasisi ni chuma kinene, psi 90 mpaka 100 (psi ni kipimo cha presha ya hewa) inavumilia bila shida, na kwa hizo riveti kweli hakuna njia nyingine ya maana. Bati la kichwa ndio uwe makini. Wengi wanasema linapinda kwa joto, lakini kinacholiharibu zaidi ni kugongwa, kila punje ni kinyundo, upande unaopigwa unatanuka na wa nyuma haujatanuka basi bati linavimba, na likishavimba kulinyoosha ni mateso. Bonneti, milango na paa shusha presha mpaka psi 30 au 40, tumia punje ndogo, nozeli (ule mdomo wa hozi unaotoa punje) uilaze isitazame bati moja kwa moja, na mkono utembee muda wote. Mimi paa silipigi kabisa, naweka dawa ya kutoa rangi halafu msasa, kupiga nabakiza kwenye bawaba, kingo na pembe.

mapafu_kwanza:
Mchanga wa kujengea HAPANA, naomba sana. Una silika, ukigonga chuma unapasuka unakuwa vumbi laini hata hulioni, linaenda mpaka ndani kabisa ya mapafu linaacha makovu, ndio silikosisi hiyo na haina tiba. Uingereza walishapiga marufuku mchanga wa silika kwa kazi hii tangu 1950. Chukua punje za garneti (aina ya jiwe gumu), au oksidi ya alumini, au kioo kilichosagwa. Na hata ukiwa na garneti usijidanganye na barakoa ya kitambaa, maana rangi za zamani hasa ile praima (rangi ya kwanza ya chini) nyekundu ya chasisi mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Inatakiwa kofia inayoletewa hewa safi kwa hozi, chini utandike turubai, watoto wakae mbali kabisa, na nguo za kazi usiingie nazo ndani ya nyumba.

lori_kuukuu:
Asanteni sana, mchanga nimeachana nao. Vipi kuhusu kupiga kwa unga wa soda, ile ya kuokea? Halafu kompresa niliyonayo ni ndogo, ya kupakia rangi tu.

hewa_kavu:
Soda inatoa rangi bila kuumiza bati ila kutu nzito haiiwezi, na unga wake unabaki, usipoosha vizuri rangi mpya haishiki. Kuhusu kompresa, usitazame presha peke yake, tazama inatoa hewa kiasi gani. Nozeli ya robo inchi kwenye psi 100 inakula kama futi za ujazo 80 kwa dakika, ya moja ya nane inakula kama 20, yaani tundu likiongezeka upana mara mbili hewa inaongezeka mara nne, na nozeli za keramiki zinalika upesi kwa hiyo tundu linapanuka huku unapiga. Hiyo yako utapiga kidogo usimame usubiri tangi lijae. Kwa chasisi nzima kakodi kompresa kubwa ya dizeli, na uweke kichujio cha maji, hewa ikiwa na unyevu punje zinagandamana kwenye hozi.

bati_na_chuma:
Naongezea. Grisi ioshe kabla, punje haziitoi zinaisambaza tu. Beringi, sili za ekseli na paipu za breki ziba zote, namba ya chasisi ifunike kwa tepu nene maana ikifutika utapata tabu kwenye usajili. Ukimaliza puliza ndani ya chasisi, punje zinajificha humo, usishike chuma kwa mkono mtupu kwa sababu ya jasho, na praima ya epoksi iingie siku hiyohiyo, kukiwa na unyevunyevu chuma kitupu kinaanza kubadilika rangi ndani ya saa chache tu.